TAHADHARI: "Diski zote mbili zimekufa", utapeli wa kuokoa data Kampala

Ndugu zangu mnaofanya kazi Kampala, hasa mawakala wa forodha na wote wenye sava ndogo ya diski mbili ofisini (kompyuta ya kutunzia mafaili ya ofisi nzima), kuna karakana ya kompyuta katikati ya jiji inayowaibia watu wanaopeleka diski kuokolewa data. Jina silitaji hapa. Mbinu yao nitaieleza yote, maana hata ukiikwepa karakana hiyo unaweza kukutana na mbinu hiyohiyo kwingine.

Sava yetu imepangwa kwa RAID 1, yaani kila faili huandikwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa kioo cha nyingine. Umeme ulikatika, uliporudi sava ikagoma kuwaka. Mle mna hati za mizigo ya Mombasa, nakala za pasipoti za wateja na namba zao za kodi. Tukapeleka diski zote mbili.

Fundi akachomeka ya kwanza kwenye kompyuta yake ya Windows. Likatokea lile dirisha linalouliza kama unataka kufomati diski, yaani kuifuta na kuipanga upya. Akatugeuzia skrini: "Bosi, unaona mwenyewe? Imekufa." Ya pili vivyo hivyo. Eti lazima zote zifunguliwe ndani, shilingi 2,500,000, nusu itangulie kwa simu, na risiti hakuna.

Uongo uko hapo kwenye dirisha. Sava nyingi za aina hii huendeshwa na Linux, mfumo endeshi tofauti na Windows, na mafaili yake hukaa kwenye mfumo wa kupanga mafaili wa ext4 au Btrfs, ambao Windows haiusomi yenyewe. Ikikutana na diski ya hivyo, Windows huiona kama haijawahi kupangwa, basi inaomba kuifomati. Ujumbe huo hausemi lolote kuhusu uzima wa diski, na fundi wa sava hawezi kukosa kulijua hilo. Tulizichukua diski zetu tukaondoka. Mwenzetu mmoja akazichomeka kwenye kompyuta ya Linux, kwa kusoma tu bila kuandika kitu. Iliyokufa kweli ilikuwa moja, ile inayogonga tak-tak ikipata umeme. Nyingine ilikuwa na kila kitu.

Lakini jirani yetu muuza vipuri hakupona, na hili ndilo lililonifanya niandike. Diski yake moja ilikuwa imejitoa kwenye kioo miezi mingi nyuma, taa ya onyo ikiwaka bila mtu kuijali, na sava ikaendelea kuandika kwenye ile iliyobaki. Mafundi hao wakaunganisha upya kioo kwa kuanzia diski ya zamani. Ya zamani ikaandikwa juu ya ile mpya, na madeni yote ya wateja yaliyoingizwa katika miezi hiyo yakafutika. Kisha wakamdai malipo kamili kwa kuwa "data imepatikana". Dada wa watu amebaki anabembeleza wadeni wamwambie wanadaiwa kiasi gani.

Kwa hiyo, kabla diski haijatoka mikononi mwako, piga picha kibandiko chake, namba ionekane, kwa sababu kubadilishiwa diski ni rahisi mno. Andika ipi ilikaa nafasi ya kwanza na ipi ya pili. Mwambie fundi atengeneze kwanza nakala kamili ya kila diski na afanye kazi kwenye nakala. Diski hizi kwa kawaida zilinunuliwa siku moja na zimechoka pamoja, hiyo nzima nayo inaweza kuzimika kazini. Akikataa, ondoka. Usilipe mpaka umefungua mwenyewe mafaili ya wiki ya mwisho kabla ya hitilafu, maana orodha ya majina ya mafaili pekee haitoshi. Na mtu akitaka kufungua diski kwa bisibisi juu ya meza ya dukani, mnyang'anye. Kazi hiyo hufanyika kwenye chumba kisicho na vumbi, na chembe moja ya vumbi inatosha kukwaruza sahani ya ndani.

Kama mafundi hao waliishika data ya wateja wako, kumbuka Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na pasipoti za watu zilizobaki kwenye kompyuta yao ni jambo la kupeleka polisi. Wenye diski pale sasa hivi, nendeni mkazichukue leo, hata kama wameshazifungua, na mlinganishe namba kabla ya kutoka mlangoni.