Gitaa la umeme la laki 3 na 80 hapa Arusha, nimekaa nalo miezi minane

Nianze na hela kabisa maana ndo kitu cha kwanza watu wananiuliza kila jumapili tukitoka ibadani. Gitaa nlinunua laki 3 na elfu 80, duka moja la vyombo vya muziki hapa katikati ya mji, bei aliyoanza nayo ilikuwa laki 4 na 20 tukavutana akashuka. Ni seti, yaani boksi moja lina gitaa lenyewe, ampu ndogo imeandikwa wati 10, begi jembamba, kebo, mkanda, piki mbili na tyuna ya kubana kichwani mwa gitaa. Umbo lake ni lile la Stratocaster ambalo Fender walilitoa 1954 na mpaka leo viwanda kibao vinaliiga, pikapu tatu, yaani zile sumaku zinazodaka sauti ya nyuzi, swichi ya hatua tano, na ule mkono wa kutikisia. Jina la kichwani silitaji, na halina maana pia, kwa sababu nimeshaliona gitaa hilohilo, skrubu kwa skrubu, likiwa na majina matatu tofauti kwenye maduka tofauti.

Sikununua la kwangu. Kuna dogo wa kwaya yetu ana miaka 14, anajifunza second solo, lile gitaa la pili linalojibizana na solo, mama yake akanipa hela akasema we ndo unajua kachague. Hela ya mama anayeuza ndizi soko la Kilombero, kwa hiyo nlienda na akili zangu zote.

Sasa kuna kitu nataka nikiseme kabla sijaenda mbali. Video nyingi za kujaribu magitaa ya bei nafuu zinatoka Marekani na Uingereza, jamaa anachomeka, anajaza distoshen, ule mkwaruzo wa makusudi wa sauti, anapiga koodi mbili nzito kule chini karibu na kichwa, linanguruma, anasema kwa bei hii ni zuri sana. Na madukani kwetu muuzaji anafanya vilevile. Distoshen inaficha kila kitu aisee. Sisi muziki wetu haupigwi hivo, awe mtu anapiga sebene, awe wa injili, awe wa dansi la zamani, gitaa linalia safi bila moshi wowote na vidole vinakaa huko juu kwenye freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ya 10, ya 12, mpaka ya 17, na magitaa mawili au matatu yanajibizana kwa hiyo likikosea moja tu kidogo masikio yote yanageuka. Mji huu huu ndugu akina Kinyonga walikuwa na bendi ya Arusha Jazz kabla hawajaenda Kenya kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971, sikiliza lile solo linavotembea kisha uniambie gitaa ambalo freti ya 12 haiko sawa lingefanya nini pale. Kwa hiyo mi gitaa la bei nafuu nalipima kwa sauti safi na nalipimia juu.

Dukani nikamwambia kaka toa hiyo distoshen, zima na riva, ule mwangwi wa kwenye ampu. Akaniangalia akasema "kaka hii ni orijino haina shida", nikamwambia sawa, we zima tu. Nikatyuni, nikagusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, ile sauti ya kengele, halafu nikaukandamiza palepale, na tyuna inatakiwa isome sawa mara zote mbili. Uzi wa sita ulikuwa umezidi kidogo, wa tatu umezidi sana, iliyobaki ilikuwa poa. Hiyo yenyewe sio sababu ya kukataa gitaa maana kwenye briji, pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gitaa, kila uzi una kipande chake kinachosogezwa na bisbisi, cha msingi ni uangalie kama bado kina nafasi ya kusogea nyuma. Kilikuwa nayo. Lingine nililotoa la kwanza kwenye stoo yake kile kipande kilikuwa kimeshafika mwisho na bado uzi unasoma juu, lile nikamrudishia hapohapo, hilo huwezi kulitibu bila kung'oa briji.

Shingo ndo usiifanyie mchezo. Kandamiza uzi mnene freti ya kwanza na mkono mwingine freti ya mwisho, alafu chungulia katikati kwenye freti ya 7 au 8, nafasi kati ya uzi na freti iwe ndogo, unene kama wa vocha ya kukwangua. Ikiwa kubwa au haipo kabisa, kuna chuma ndani ya shingo kinakazwa na alenki, kinarekebisha. Ila shingo ikiwa imejikunja upande kama ubao ulionyeshewa, chuma hicho hakiinyooshi, uache hata ukipewa kwa laki. Pikapu utabadilisha, swichi utabadilisha, vya kukazia nyuzi utabadilisha, shingo mbaya umebaki na pambo la ukutani.

Hili letu shingo ilikuwa nzuri na kwa kweli mpaka leo ndo sababu sijutii.

Ila kuna jambo lilinikuta ambalo sikulitegemea. Tulinunua mwezi wa tano masika yanaishia. Mwezi wa saba ule ubaridi mkavu wa hapa dogo akaja kunionyesha kiganja kimechanika, kila akipandisha mkono shingoni anakwaruzwa. Ncha za freti zilikuwa zimetokeza pembeni kama meno ya msumeno. Mwanzo nlidhani ni uhuni wa kiwanda, kumbe mbao ya shingo imesinyaa na chuma hakisinyai. Mzigo unakaa Kariakoo kwenye joto na unyevu wa pwani, unapanda basi usiku, unafika Arusha mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa kavu, mbao inatoa unyevu wake. Magitaa ya bei kubwa mbao inakaushwa vizuri kabla na ncha zinazungushwa kwa mkono, haya ya bei hii kazi hiyo ya mkono ndo inayorukwa, na nikikwambia ukweli hapo ndo hela inapookolewa kuliko kwenye mbao wala pikapu. Fundi mmoja Ngarenaro anayetengeneza vyombo vya kanisa akapitisha tupa ndogo ya kunolea msumeno, akamalizia na msasa laini, akashusha nyuzi, akasogeza vile vipande vya briji, saa mbili na nusu za kazi, elfu 35. Lilivorudi lilikuwa gitaa lingine. Nyuzi freti ya 12 tulizishusha mpaka kama milimita 2 kwenye uzi mnene na moja na nusu kwenye ule mwembamba, dogo akalia kabisa kwa furaha maana alikuwa anadhani vidole vyake ndo vibovu. Hilo liliniuma, watoto wangapi wameacha gitaa wakiamini hawana kipaji kumbe nyuzi zimekaa juu kama kamba za kuanikia nguo.

Ubao wa freti ni mweusi, wanauita kwa jina la mbao ya kifahari, ila jasho likiingia weusi unahamia vidoleni, ni rangi imepakwa. Haiathiri sauti, nimepangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo mara tatu ikaisha. Kinachonisikitisha ni kwamba mbao nyeusi ya kweli, mpingo, iko kwetu, dunia nzima inachongea klarineti na obo, marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi alihangaika miaka na miaka kuotesha miche yake isipotee, na mtoto wa hapahapa chini ya mlima anauziwa mti uliopakwa rangi ili ufanane nao.

Mkono wa kutikisia sahau. Ukiutumia mara mbili gitaa lote limetoka kwenye tyuni. Nlichofanya nikachonga kipande cha mninga nikakisokomeza nyuma kwenye uwazi wa springi, briji ikatulia haisogei tena. Na kule kichwani, ile plastiki yenye mifereji sita nyuzi zilikuwa zinakwama, unasikia kabisa "tik" ukikaza, nikachora mifereji yote na penseli ya kawaida ya mwanafunzi, ule unga wake unalainisha, na tyuni sasa inakaa ibada nzima. Nyuzi zilizokuja nalo nlizitoa wiki ya kwanza, zilikuwa zina kutu tayari, nikaweka seti ya unene wa 9 kwenda 42 ambazo ni laini kwa vidole vya mtoto, elfu 20.

Pikapu zina mvumo. Hizi za koili moja zinadaka mvumo wa umeme wetu, hezi 50, hata ungenunua la milioni ungeusikia, ndo maana Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 akaunda ile ya koili mbili zinazouana mvumo. Kwenye magitaa mengine pikapu ya kati inazungushwa waya kinyume ili swichi ikikaa hatua ya 2 na ya 4 mvumo ufe, hili halina, nimesikiliza zote tano zinavuma sawa. Ukigusa nyuzi unapungua. Sauti yenyewe lakini, safi, hatua ya pili, inang'aa vizuri kuliko nlivyotegemea, kwa second solo inatosha kabisa sisemi uongo. Noobu ya volyumu ilianza kukwaruza mwezi wa nne tangu tulinunue, ukizungusha ile krr krr kwenye spika, nikapulizia dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme imetulia.

Ampu ya kwenye seti ndo hasara. Ina sauti ya redio ya mkulima na ukipandisha kupita nusu inapasuka. Kanisani tulijaribu kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa likatoka limefifia, kama limefunikwa blanketi, hiyo sio kosa la gitaa, pikapu hazina nguvu ya kusukuma mlango wa kawaida wa miksa, linataka DI boksi katikati, kijiboksi cha kulinganisha gitaa na miksa, au miksa yenye kitufe cha Hi-Z, yaani cha kupokea gitaa. Kama muuzaji anakubali kukuuzia gitaa peke yake bila seti, chukua peke yake. Sisi tulibembeleza akakataa.

Kwa kulinganisha, mwezi wa kumi nlishuka Moshi kumwangalia jamaa anauza Yamaha Pacifica 112 ya mkononi, laki 4 na nusu, imechubuka pembeni ila shingo imenyooka na ncha za freti ukipitisha kiganja huhisi kitu. Ina ile pikapu ya koili mbili kwenye briji, na mwili ni mbao ya alder. Nlipiga freti ya 15 na 17 sauti safi nikanyamaza. Nikiweka gharama zote za lile la dogo, laki 3 na 80, fundi 35, nyuzi 20, inafika laki 4 na 35, yaani tofauti na ile Yamaha ni elfu 15, na Yamaha haikuhitaji fundi. Nliinunua mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniuliza, laki 4 na kitu mkononi, namwambia subiri uyatafute ya mkononi kwanza, Moshi na Arusha kuna watu walirudi na magitaa kutoka nje yamekaa chini ya kitanda, pita na makanisani uliza. Squier pia zipo, hilo ni jina la bei nafuu la Fender wenyewe tangu 1982, ila ukiona kichwani imeandikwa Fender peke yake na bei ni laki 3, jipya, kwenye boksi lisilo na maandishi, hiyo ni feki, usibishane naye we ondoka.

Lile la seti nalipa nyota tatu kati ya tano baada ya fundi. Kabla ya fundi ni moja na nusu. Duka nalipa tatu na nusu, kijana alinivumilia saa nzima nikijaribu matano na hakununa, ila hana fundi wala hakuniambia kwamba litahitaji fundi. Ukienda nenda asubuhi kabla ya saa 4 hakuna kelele za wateja wengine wanaojaribu spika, beba tyuna yako na bisbisi ya nyota, na muombe akupe lililokaa dukani muda mrefu kuliko lililofika juzi na basi, maana lililokaa limeshasinyaa mpaka mwisho wake, ncha za freti utazihisi hapohapo na kiganja chako.