Turubai la dharura porini: vuta pembe kabla ya kulipa

Wasomaji waliopanda milima ya Uluguru wakati wa vuli wananiletea lalamiko lilelile. Mvua imewakuta jioni, wamefunga turubai kati ya miti miwili, upepo ukavuma kidogo tu, pembe ikang'oka. Turubai lenyewe zima! Kilichobaki kwenye kamba ni ile pete ya bati.

Muuzaji atakusifia unene na rangi. Wewe shika pembe, ingiza kidole kwenye tundu, vuta kwa nguvu. Nyuzi zikianza kuachana kuzunguka pete, mrudishie.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni DD Tarp ya mita 3 kwa 3, ya kampuni ya Uskoti. Halitegemei pete za bati. Lina sehemu 19 za kufungia kamba zilizoimarishwa, za kingoni na za katikati, kwa hiyo upepo hauelemei pembe moja. Ukitaka paa la migongo miwili, sawa; ukitaka upande mmoja ulale hadi chini kuzuia upepo, sawa pia. Lina gramu 790 tu, nalo ndilo ninalobeba.

La pili ni turubai la lori, lile zito la PVC. Pindo lake ni nene na pete zinashika kweli, ila linafaa mwenye gari. Kulipandisha mlimani mgongoni ni mateso.

La plastiki ya buluu ni la mwisho. Kama ndilo unalolimudu, usifunge kwenye pete kabisa: weka kijiwe laini ndani ya pembe, kikunje na plastiki yake, kaza kamba shingoni mwa kijiwe. Au mpelekee fundi mabegi akushonee vitanzi vya mkanda. Blanketi la karatasi ya kung'aa ni la kujifunika. Usilihesabu kuwa paa.

Kinachonikera zaidi ni vipimo. Limeandikwa 4 kwa 6, ukilipima halifiki, kwa sababu wamehesabu plastiki kabla ya kukunja pindo. Mteja analipia mita kamili, na akiuliza anaambiwa "ndivyo yanavyokuja". Hapana. Sentimita hizo ndizo zinazoamua kama miguu italowa usiku kucha. Nenda na futi ya fundi, lifunguliwe lote hapohapo dukani, na bei ishuke kulingana na upungufu. Akikataa kulikunjua, duka la jirani liko wazi.