Taarabu ya Ijumaa Juu ya Paa, Baada ya Miaka Ishirini na Tisa

Nilipopanda ngazi za mgahawa huu wa Mji Mkongwe, Unguja, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na umri wa miaka 24, nimealikwa na shemeji yangu, na kwa saa mbili nzima nilikuwa nikingoja mwimbaji afike kwenye kibwagizo ili nami nipate cha kushika. Mwezi uliopita nilirudi nikiwa na miaka 53. Chakula bado ni kizuri: pweza wa nazi alikuwa laini na wali ulikolea tui. Lakini kilichonirudisha ni kundi dogo linalopiga taarabu kila Ijumaa usiku, lenye ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), udi (ala ya nyuzi inayopakatwa kama gitaa), fidla mbili, nai (filimbi ya mwanzi), dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) na mwimbaji mmoja wa kike.

Walifungua kwa bashrafu, muziki wa ala tupu uliotoka Uturuki na kupitia Misri kabla ya kufika kwetu. Kwa kawaida bashrafu huwa na khana, yaani sehemu, nne, na baada ya kila khana hurejea kipande kilekile kiitwacho taslimu. Ujanani niliona kwamba wanarudiarudia tu, nikadhani wameishiwa. Safari hii nilisikia jinsi kila khana ilivyokwenda mbali zaidi kuliko iliyotangulia, na taslimu iliporejea, ingawa sauti zake hazikubadilika, haikunigusa kama mara ya kwanza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimetolewa mahali pengine. Siamini kwamba nimeongeza akili. Nimesikia tu taslimu nyingi, harusini, redioni na kwenye mazoezi ya vikundi, hata sikio likazoea kukumbuka kilichopita huku likingojea kijacho, na kungojea huko ndiko kulikonishinda zamani.

Jambo lililo wazi zaidi lilikuwa ganuni. Mpigaji huinua na kulaza vyuma vidogo vilivyo chini ya nyuzi, upande wa kushoto, muziki ukiendelea. Nikiwa kijana nilidhani anarekebisha nyuzi zilizolegea, kumbe alikuwa anahama kutoka maqamu moja, yaani mpangilio wa sauti ambao muziki hujengwa juu yake, kwenda nyingine. Sauti ya tatu ya maqamu ya Rasti haimo katika piano, kwa sababu inakaa katikati ya vibonye viwili. Zamani niliisikia kama kosa la mpigaji, na sasa ndiyo ninayoisubiri.

Kuna nilichopoteza pia, na ni haki nikiseme. Kadiri umri unavyosonga, sikio huanza kupoteza sauti nyembamba kabisa, nami sikusalimika: ile pumzi inayopita pembezoni mwa sauti ya nai, ambayo binti yangu aliisifu, mimi sikuipata. Yeye ana miaka 22. Bashrafu ilimchosha, wala sikumlazimisha aipende, lakini mwimbaji aliposhika ubeti wa kwanza aliinuka mwenyewe kwenda kumtunza fedha.

Lawama yangu kwa wenye mgahawa ni moja, na si ndogo. Msimamizi aliwapa wapigaji ishara wakatishe wimbo baada ya beti mbili ili sahani ziletwe. Wimbo wa taarabu ni shairi, na mara nyingi fumbo lake halifunguki mpaka ubeti wa mwisho. Anayeukata humnyima msikilizaji kile alichokuwa akikijengea subira. Muziki huu ulistawi katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ukaendelezwa na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kwa ajili ya watu waliokuja kusikiliza. Kuufanya kijazio kati ya chakula na chakula ni kuupunja, na mgeni kijana anayeupata vipandevipande hivyo hawezi kulaumiwa akiondoka bila kuuelewa.

Spika iliyo karibu na ngazi ni kali mno na huifunika udi, kwa hiyo ni vyema kuomba meza ya upande wa ganuni, ambako ala husikika zenyewe. Nashauri pia kufika kuanzia saa nne usiku, walaji wengi wakiwa wameondoka. Hapo hakuna anayewaharakisha wapigaji, na wimbo uleule uliokatwa walituimbia tena, beti zote tano.