Tahadhari: Wakala wa Moshi anauza Nungwi, kisha anawapeleka watu Jambiani

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, naandika nikiwa na hasira na aibu, kwa kuwa wakala niliyemlipa kwa ajili ya mapumziko ya mama kisiwani Unguja alituuzia Nungwi, akatupeleka Jambiani, na mpaka sasa anaendelea kupokea fedha za watu.

Hali ya miguu ya mama mnaijua. Ndiyo maana sikuingia ofisini kwake kuomba hoteli yoyote ya Zanzibar, bali nilitaja sehemu. Nilimweleza kwamba tunataka Nungwi au Kendwa, kwenye ncha ya kaskazini, ambako maji yakipwa hayaendi mbali, ili mama atoke chumbani na kuyafikia bila kutembezwa juani. Alinisikiliza kwa utulivu, akachukua karatasi, akachora kisiwa kizima kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi, akaweka alama ya kalamu juu kabisa na kusema, "Dada yangu, hapa ndipo mama atakapokaa." Akanionyesha picha ya jua likizama baharini mbele ya hoteli. Nilipouliza tena habari ya maji kupwa, alimpigia simu mwanamke aliyemwita meneja, akaweka spika, nasi tukamsikia kwa lafudhi halisi ya Kiunguja akisema, "Karibuni Nungwi, maji ya huku hayakimbii." Nikalipa palepale kwa simu shilingi 1,200,000.

Nani asingemwamini? Ofisi yake ilikuwa mjini, si mbali na mnara wa saa, yenye kibao mlangoni na stakabadhi za mhuri, na aliyenielekeza kwake ni mtu tunayesali naye jumuiya moja. Maswali niliyomuuliza ni yale yale ambayo mtu makini angeuliza, naye aliyajibu yote kwa uongo uliopangwa.

Uongo huo ulifumuka barabarani. Dereva aliyetupokea bandarini Malindi, ambaye simlaumu hata kidogo, alitupitisha msitu wa Jozani, na kwa kuwa msitu huo uko upande wa kusini mashariki, nikamuuliza kwa nini tunakwenda Nungwi kwa njia hiyo. Akapunguza mwendo, akasema, "Mimi nimeambiwa Jambiani, dada." Nyuma yangu alikaa mama pamoja na shemeji, ambao kwa wiki nzima nilikuwa nimewasifia Nungwi, na hakuna aliyesema neno.

Tulifikishwa kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya hoteli za ufukweni, ambako bahari haionekani. Mwenyeji wetu, mtu muungwana, alinionyesha ujumbe wa malipo: wakala alikuwa amempa chini ya theluthi ya fedha zangu.

Sisemi Jambiani ni pabaya. Mchanga wake ni mweupe, kijiji kimetulia, na anayependa kuona wanawake wakilima mwani, au mchezo wa tiara za majini kule Paje, ataifurahia pwani hiyo. Lakini kutoka ufukweni hadi kwenye mwamba maji ni ya kina kifupi, kwa hiyo yanapokupwa, mara mbili kwa siku, bahari huondoka kwa mamia ya mita, na wakati wa bamvu, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, huenda mbali zaidi. Isitoshe, tulikwenda msimu wa kusi, upepo unapoipiga pwani hiyo moja kwa moja. Mama alikalishwa kwenye kiti, akaitazama bahari ikiwa mbali, akasema tu kwamba ni nzuri.

Wakala hapokei simu yangu tena, na ofisi imefungwa. Majirani wanasema chumba kilikodiwa kwa mwezi.

Mkikutana na mtu wa namna hiyo, isomeni stakabadhi: yangu iliandikwa "Hoteli, Zanzibar", bila jina la hoteli wala la kijiji. Namba ya hoteli itafuteni wenyewe, msikubali apige yeye. Tena, jua huzama baharini Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, wakati Jambiani huchomoza kutoka baharini. Upande ule wa mashariki ni Michamvi Kae, inayotazama ghuba ya Chwaka, inayoona machweo juu ya maji. Namba ya tapeli itumeni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040.

Huyu hastahili kurudisha fedha tu na kusamehewa. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, ambalo Kanuni ya Adhabu imeliwekea kifungo cha hadi miaka 7, nami nataka afikishwe mahakamani hapa hapa Moshi, asimame mbele ya wazee aliowadhulumu, pamoja na yule mwanamke wa kwenye simu. Kama nawe ulimlipa, hifadhi ujumbe wa malipo na unitafute, twende polisi pamoja.