DJ Mahiri Katika Klabu ya Usiku: Tathmini ya Huduma Inayobeba Ukumbi Mzima

Kati ya huduma zote ambazo mwenye klabu ya usiku huzilipia, ya DJ ndiyo inayochaguliwa kwa uangalifu mdogo kuliko zote. Mpishi huonjwa chakula chake kabla ya kuajiriwa, mlinzi huulizwa alikowahi kufanya kazi, na fundi wa spika hutakiwa kuwasha mitambo yake isikike, lakini DJ huchukuliwa kwa sababu ana wafuasi wengi mtandaoni au kwa kuwa amekubali malipo ya chini kuliko wenzake. Kwa tathmini yangu, huo ni ununuzi mbaya. Watu huingia klabuni kwa sababu nyingi, zikiwemo marafiki, eneo na sifa za mahali, lakini kinachowafanya wabaki kwa muda wa saa nne badala ya saa moja, na warudi wiki ifuatayo, ni muziki na namna ulivyopangwa.

Ubora wa huduma hii huonekana mapema, wakati ukumbi ungali na watu wachache. DJ asiye na ujuzi huona nafasi tupu akaogopa, akapandisha sauti na kupiga nyimbo zinazopendwa kuliko zote, moja baada ya nyingine, ili watu wainuke. Hawainuki, kwa sababu ndio kwanza wanafika, wanasalimiana na kutafuta mahali pa kuketi, na sauti ile inawalazimisha kupigiana kelele masikioni. Ukumbi unapojaa saa mbili baadaye, nyimbo zake bora zimekwisha kutumika, naye anaanza kuzirudia. DJ mahiri hufanya kinyume: huanza na mdundo wa taratibu na sauti inayoruhusu mazungumzo, huangalia ni meza ipi imeanza kutikisa vichwa, hujaribu wimbo mmoja wa kuwavuta, na asipoona itikio hurudi nyuma bila mtu yeyote kutambua kwamba lilikuwa jaribio.

Jambo lingine ambalo wenye klabu wengi hawalifikirii ni kwamba uwanja wa dansi uliojaa muda wote bila kupumua haumfaidi mtu. Anayecheza hanunui kinywaji, na aliyechoka huenda nyumbani. Anayeijua kazi hii huupandisha usiku na kuushusha kwa mawimbi, ili kundi moja lielekee kaunta huku jingine likiingia uwanjani. Hubadilisha pia aina ya muziki, ili waliokuwa wameketi kwa kuwa mtindo uliotangulia haukuwagusa wapate zamu yao. Faida ya kazi hiyo huonekana katika mauzo ya kaunta, ingawa sifa zake mara nyingi hupewa meneja.

Ufundi wenyewe una historia ndefu kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972, na toleo lake la mwaka 1979 lilikuwa na kidhibiti cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8, kiasi ambacho huwezesha wimbo wa mapigo 125 kwa dakika kushushwa hadi 115 au kupandishwa hadi 135. Kwa kidhibiti hicho na hedifoni, DJ aliweza kuoanisha nyimbo mbili kwa sikio tu. Leo mitambo ya kidijitali huoanisha mapigo kwa kubonyeza kitufe, na wapo wanaodai kwamba kitufe hicho kimeondoa haja ya ujuzi. Sikubaliani nao. Kitufe hulinganisha mwendo, lakini hakichagui wimbo wa kufuata, hakijui kwamba wimbo mpya unafaa kuingia mwanzoni mwa fungu la mapigo 32 na si katikati ya ubeti, wala hakipunguzi besi ya wimbo mmoja ili isigombane na ya mwingine. Hakimzuii pia DJ kusukuma sauti hadi taa nyekundu za mtambo wa kuchanganyia ziwake mfululizo, hali inayokwaruza sauti, inayochosha masikio ya wageni na inayoweza kuunguza spika za gharama kubwa.

Mfano ambao kila mwenye klabu angepaswa kuujua ni wa Paradise Garage, ukumbi wa New York uliofanya kazi kuanzia mwaka 1977 hadi 1987. Haukuuza pombe, lakini watu waliujaza kwa ajili ya DJ wake mkaazi, yaani wa kudumu hapo, Larry Levan, na mitambo ya sauti ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuirekebisha daima. Katika miaka hiyohiyo, Frankie Knuckles alikuwa akipiga muziki katika klabu ya Warehouse jijini Chicago, na jina la house, mtindo wa muziki wa dansi, huhusishwa na ukumbi huo. Klabu ya Ministry of Sound ilipofunguliwa London mwaka 1991, waanzilishi wake waliitazama Paradise Garage kama kielelezo.

Levan na Knuckles walikuwa wakaazi, si wageni wa usiku mmoja, na hapo ndipo ninapotoa hukumu yangu. DJ mwenye jina kubwa hujaza ukumbi siku anayotangazwa, lakini huondoka na umati wake. Mkaazi mahiri hujua ni kona ipi besi inavuma kupita kiasi, wateja wa Ijumaa wanatofautianaje na wa Jumamosi, na ni ombi lipi la mgeni likubaliwe sasa, lipi lisubiri na lipi likataliwe kwa heshima. Fedha zikiwa chache, kwanza apatikane yeye.

Anayetaka kumjaribu DJ kabla ya kumpa mkataba asimpe saa ya kilele, kwa sababu wakati huo ukumbi umekwisha kuchangamka na karibu kila wimbo hupokelewa. Ampe saa za mwanzo, kisha usiku mwingine ampe saa ya mwisho, ambapo watu wanapaswa kushushwa taratibu ili watoke kwa utulivu badala ya kukatiwa muziki ghafla na kumwagika mlangoni wakiwa na hasira. Mkataba utaje muda wa kupima sauti kabla ya milango kufunguliwa, nani mwenye mamlaka juu ya kiwango cha sauti, na kwamba atapiga muziki moja kwa moja badala ya kuwasha rekodi iliyoandaliwa nyumbani. Spika mbovu na wahudumu wakali havirekebishwi na DJ yeyote, kwa hiyo mwenye klabu ahakikishe hayo yamekaa sawa kabla ya kutia saini.