Mafunzo ya wazazi pale Milimani Kisumu, kwa mtoto asiyeongea na anauma

Wazazi wengi wananiuliza kama haya mafunzo ya Milimani yanasaidia mtoto ambaye haongei na anauma watu, anajirusha chini, anavunja vitu. Yanasaidia, tena sana, kwa sababu hawaanzi na kumnyamazisha mtoto, wanaanza na kutafuta anataka kusema nini.

Mwanzoni unapewa karatasi ujaze nyumbani, nini kilitokea kabla, akafanya nini, halafu akapata nini. Inachosha lakini hapo ndipo kila kitu kinatoka. Kijana wangu alikuwa anauma saa ya kuoga na saa ya kuandika, na kila akiuma ile kazi inaachwa, basi wakamfundisha kutoa kadi ya picha ya kuomba kupumzika, akikupea tu unasimamisha papo hapo hata kama imebaki kidogo. Wazazi wakabisha sana ati atazoea kukwepa kazi! Terapista akasema kadi lazima ilipe haraka kuliko meno, la sivyo atarudia meno, kusubiri atafundishwa baadaye pole pole, sekunde chache kwanza halafu dakika. Na hawajaitunga wao, Edward Carr na Mark Durand wa Marekani waliandika kuhusu njia hii tangu 1985.

Kama tabia imeanza ghafla wanakutuma kwanza kwa daktari aangalie masikio na meno, maana mtoto asiyeongea akiumwa atakwambia na nini? Hiyo niliipenda sana. Halafu kadi unatengeneza mwenyewe, unapiga picha kikombe chake na beseni lake na simu, unaprinti saiba, unalamineti. Na jina la kitu ni lile mnatumia nyumbani, sisi maji tunaita pi kwa Kijaluo na hakuna aliyetulazimisha Kiingereza. Nyanyake alikuwa anaogopa kadi zitamzuia kuongea, akaitwa akaelezwa kwa heshima kwamba haziui sauti, sasa yeye ndiye anazibeba kwa leso.

Shida ni masaa. Ni katikati ya wiki asubuhi tu, sasa mama anayeuza soko la Kibuye atafunga biashara kila wiki? Wafungue Jumamosi tafadhali. Na hawaendi shuleni, hiyo inaumiza, juu mtoto akitoa kadi kwa ticha ambaye hajui ni ya nini, anarudi kuuma.

Mkienda bebeni video fupi ya mtoto akiwa amekasirika, ianze kabla hajakasirika, na mwende na yule anayeshinda naye mchana.