Tikka T3x Lite: nyepesi begani, inadai chake unapofyatua

Goti ndilo lililonitafutia bunduki hii. Ile ya zamani, yenye kitako cha mti na mtutu mnene, niliipenda na bado naipenda, lakini kila tuliporudi kutoka mlimani nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume kama kaa. Siku moja nikaipima na vyote vinavyokaa juu yake: darubini, mkanda, risasi nne ndani. Kilo 4.9. Nikaelewa kwa nini mwenzangu huwa ananisubiri juu akiwa amekwisha kunywa chai.

Sasa nina Tikka T3x Lite ya kaliba 6.5 Creedmoor, ndiyo aina ya risasi inayokula, na nimekaa nayo misimu miwili. Kwa asiyeijua, ni bunduki ya bolti, yaani ile komeo unayoivuta na kuisukuma kwa mkono kuingiza kila risasi, inayotengenezwa na Sako huko Ufini. T3 ya kwanza ilitoka 2003, na hii T3x ikaifuata 2016 ikiwa na marekebisho madogo ambayo ukishika zote mbili unayaona: kipande kinachozuia mtambo usirudi nyuma ndani ya kitako sasa ni cha chuma badala ya alumini, kifuniko cha nyuma ya bolti si plastiki tena, na tundu la kutolea maganda limepanuliwa kiasi cha kuweza kuingiza risasi moja moja kwa kidole.

Ikiwa tupu ni kama kilo 3. Namba hiyo isikudanganye, maana hakuna anayewinda na bunduki tupu. Yangu ikiwa na darubini ya wastani, vishikizo vyake, mkanda na risasi imefika kilo 3.8. Nimeshaona mtu ananunua bunduki nyepesi kuliko hii halafu anaipandishia darubini ya kilo nzima na miguu miwili ya chuma, mwishowe anabeba kilekile alichokikimbia. Ukitaka wepesi, anza na darubini.

Bolti ndiyo iliyonifanya nifungue mkoba. Inateleza kama mlenda. Mkono wake unanyanyuliwa nyuzi 70 tu, wakati ile ya zamani inataka nyuzi 90, kwa hiyo vidole havigongi darubini hata ukiwa umevaa glavu. Unaweza kuiendesha bila kuondoa shavu kwenye kitako. Triga nayo haiburuti; unaongeza shinikizo, hakuna kinachosogea, halafu imeachia. Shinikizo lake linarekebishika kati ya kilo 1 na 2 hivi kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Wapo wanaoishusha hadi mwisho. Mimi nimeiacha juu kidogo, kwa sababu vidole vyangu vya alfajiri penye baridi sivisadiki.

Sasa tuje kwenye teke, lile pigo la bunduki kurudi nyuma unapofyatua.

Siku ya kwanza uwanjani nilifanya kosa la kijinga. Miaka yote na bunduki nzito nilizoea kuiweka juu ya mfuko wa mchanga, mkono wa kushoto nauweka chini ya kitako, navuta triga na bunduki inakaa pale ilipo. Nikafanya hivyohivyo. Tena darubini nilikuwa nimeifunga karibu mno na jicho, kwa haraka ya mtu mwenye kitu kipya. Risasi ya kwanza, bunduki ikaruka juu ya mfuko, ukingo wa darubini ukanigonga nyusi. Damu ikateremka pembeni ya pua hadi kwenye kola. Mwenzangu hakusema kitu, alinipa kitambaa, akaenda kuangalia shabaha, akarudi akasema, “Ndugu yangu, uso umeupata, karatasi hujaigusa.”

Hesabu yenyewe haina huruma. Risasi ileile ikitoka kwenye bunduki iliyopunguzwa uzito kwa robo, nguvu ya teke inaongezeka kwa theluthi. Haijalishi imeandikwa jina gani ubavuni. Ndiyo maana nilichagua 6.5 Creedmoor na kuiacha .308 Winchester ninayoijua tangu ujana. Ile .308 ni ya 1952, inapatikana popote na inaua vizuri, lakini kwenye bunduki ya uzito huu inapiga bega kwa nguvu zaidi, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Creedmoor ilitoka 2007 kwa ajili ya walenga shabaha. Risasi yake ni ndefu na nyembamba, inakata upepo vizuri, na baruti inayochoma ni chache kuliko ya .308. Kwa wanyama wakubwa wenye hasira hii si zana yake, na sheria za sehemu nyingi zinaweka kaliba ya chini kabisa kwa kila mnyama. Zisome kwanza, bunduki baadaye.

Nilisogeza darubini mbele kidole kimoja na nusu, nikajifunza kuishika upya: mkono wa kushoto unashika kitako cha mbele kwa uthabiti, bega linaingia ndani, na baada ya kufyatua triga naishikilia nyuma kidogo kabla ya kuiachia. Bunduki nzito inasamehe uvivu. Hii inakuonyesha uvivu wako kwenye karatasi.

Kiwandani wanaahidi risasi tatu ndani ya MOA moja, kipimo cha pembe ambacho ni kama milimita 29 kwa mita 100. Yangu, kwa risasi za dukani za grein 143 (uzito wa kichwa cha risasi), ilinipa matundu matatu ndani ya milimita 24, nikiwa nimetulia. Nikaendelea bila kupumzika hadi tano: ya nne ikapanda, ya tano ikapanda zaidi, na kundi likawa milimita 38. Nilipogusa mtutu niliuondoa mkono haraka. Mtutu mwembamba unapata moto upesi, na baada ya risasi tatu hewa inayopanda juu yake inafanya shabaha icheze ndani ya darubini kama kitu kilicho chini ya maji. Ukitaka kupiga risasi ishirini mfululizo kwenye mashindano, mtafute ndugu yake mwenye mtutu mnene. Utalalamikia uzito, lakini karatasi itakushukuru.

Kipimo nilichokiamini zaidi nilikifanya kwa siku tano. Kila asubuhi nilibandika karatasi ileile, nikapiga risasi moja tu kwa mtutu baridi, nikaibandua na kuikunja. Siku ya tano nikapima: milimita 31 kutoka tundu hadi tundu. Porini mnyama hakupi risasi ya pili ya kujirekebisha, kwa hiyo hiyo ya kwanza ya baridi ndiyo bunduki yenyewe. Nimeilenga sifuri kwa mita 200, yaani hapo risasi inapiga palepale darubini inapolenga. Kwa mita 300 inashuka sentimita 20 na ushee, na hapo ndipo ninapokoma nikiwinda. Najua wanaopiga mbali zaidi. Mapafu yangu baada ya kupanda mlima hayajui.

Kabla ya kununua nilijaribu pia bunduki ya rafiki, jina la aliyeitengeneza nitaliacha, yenye kilo 2.3 tu. Kuinyanyua ni raha. Unadhani umeshika fimbo. Lakini kitako chake cha plastiki kilikuwa laini. Tulipitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako, kikateleza vizuri hadi mwisho. Kisha rafiki akaukaza mkanda, kama unavyofanya ukijifunga kwa shabaha ya kukaa, na karatasi ikabanwa. Kitako kimepinda, kimegusa mtutu. Risasi zake zilikuwa zinakwenda kushoto kila akitumia mkanda, na mwaka mzima alikuwa akilaumu darubini. Fanyeni jaribio hilo dukani, ni bure, na muuzaji mwenye busara hatakasirika. Kitako cha Tikka nacho ni plastiki, na ukikikandamiza kwa nguvu unakiona kinasogea kidogo, ila karatasi haikubanwa.

Vya kujua kabla. Magazini ni ya plastiki na inabeba risasi tatu. Kwangu zinatosha, na ya nne inaingia chemba, mle nyuma ya mtutu inamofyatukia. Sefti, kile kizuizi cha usalama, ina nafasi mbili tu, na ikiwa imefungwa bolti pia imefungwa, maana yake ili kutoa risasi lazima uiachie sefti kwanza. Zoea kuelekeza mtutu ardhini penye usalama kila unapofanya hivyo, bila kubahatisha. Halafu kuna wanaofunga kifaa cha kupunguza teke kwenye mdomo wa mtutu. Kinafanya kazi kweli, ila kelele inarudi nyuma kwa mpigaji na kwa aliye kando yake, na urefu unaongezeka. Nilijaribu cha kuazima risasi mbili, mwenzangu akahama sehemu. Kuziba masikio hakuna mjadala, kifaa kiwepo kisiwepo.

Ile nzito sijaiuza. Jumamosi za kulenga karatasi naiweka juu ya mfuko wa mchanga, napiga kumi kwa utulivu, bega halijui kama kuna kilichotokea. Lakini msimu ukifika inabaki kabatini imefungwa, na Tikka ndiyo inayopanda. Mara ya mwisho nilifika juu nikamkuta mwenzangu ndiyo kwanza anafungua chupa ya chai. Alinitazama, akaitazama bunduki, akaniuliza kama kuna ya mkono wa kushoto. Ipo.